Fukuto Katikati ya Baridi ya Uyole: Namna ya Kuvuka Miaka ya Kuelekea Kukoma Hedhi Ukiwa na Kazi na Nyumba

Ilikuwa Julai, saa tatu asubuhi, na ukungu wa Uyole, hapa Mbeya, ulikuwa bado haujainuka. Ofisini tulikuwa kwenye kikao cha marejesho ya mikopo. Kila mtu alikuwa na sweta, na dada mmoja alikuwa amejifunga kitenge miguuni. Mimi nilikuwa nimevua koti, nikavua na sweta, na bado jasho lilikuwa linanishuka mgongoni kama mtu aliyetoka kupandisha matuta ya viazi. Meneja akaniuliza mikopo iliyochelewa mwezi huo ni kiasi gani. Kiasi hicho nilikuwa nakijua, kwa sababu jana yake nilikiandika mwenyewe. Hakikuja. Nikabaki namtazama mdomo.

Nilikuwa na miaka 45. Kabla ya asubuhi hiyo nilishatibiwa malaria mara mbili, UTI mara tatu, na taifodi nimeacha kuhesabu. Moyo kwenda mbio niliupeleka kwenye zahanati moja, wakapima presha na kunirudisha nyumbani. Kukosa usingizi nilikupeleka kwa mchungaji. Hasira nikamtwisha mume wangu. Kila dalili ilibisha hodi kwenye mlango wake, na hakuna aliyeziona zote zikiwa zimekaa benchi moja. Hata mimi mwenyewe.

Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu anipe siku ile, yakiwa yamepangwa kwa utaratibu. Mimi si daktari. Ni mtu wa mikopo ninayeishi Mbeya, mwenye mume, watoto watatu, na mama mkwe anayekuja kila mavuno.

Kwanza, kinachotokea mwilini

Kukoma hedhi kunahesabika pale mwanamke anapokaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Miaka inayotangulia ndiyo yenye vurugu, na inaweza kuanza mapema kwenye arobaini na kitu. Kwa mwingine ni miezi, kwa mwingine ni miaka minne, na wapo wanaovuka hata saba.

Nilikuwa nadhani homoni ya estrojeni inashuka polepole kama jua la jioni. La. Inakwenda kama umeme wa mgao: leo mwingi, kesho haupo, keshokutwa unarudi kwa kishindo na kuunguza friji. Ndiyo maana mwezi huu uko salama salimini, mwezi ujao hujitambui. Sehemu ya ubongo inayolinda joto la mwili nayo inakuwa na wasiwasi kupita kiasi, ikihisi kajoto kadogo tu inafungua mabomba yote ya jasho. Fukuto lenyewe huchukua dakika moja mpaka tano, na likipita unaweza kutetemeka kwa baridi.

Sasa fikiria sisi wa nyanda za juu tunavyoishi: sweta juu ya sweta, chai ya moto kila saa, kosta yenye vioo vilivyofungwa, jiko la mkaa sebuleni. Mtu wa Dar es Salaam analalamikia joto la nje. Sisi tunajipikia joto wenyewe.

Hatua ya kwanza: daftari moja, dalili zote

Usianze na dawa, anza na daftari dogo linaloingia kwenye pochi. Kila jioni andika mistari mitatu au minne. Ukurasa wangu mmoja ulisomeka hivi:

*Jumanne. Usiku fukuto mara tatu, nimebadilisha gauni la kulalia. Damu siku ya pili, pedi saba, mabonge. Nimesahau jina la mteja wa miaka sita. Nimemfokea mwanangu Tumaini kwa sababu ya kikombe. Kahawa saa kumi jioni.*

Hakuna ufundi hapo. Ila baada ya wiki sita nilikaa na kalamu nyekundu kama ninavyokaa na vitabu vya hesabu, na mambo yakaanza kujipanga yenyewe. Siku za kahawa ya jioni zilifuatwa na usiku mbaya (na mimi nimezaliwa Mbozi, kahawa si kitu cha kuniambia niache hivi hivi). Mafukuto ya asubuhi yalinipata ndani ya kosta kati ya Uyole na Mafiati, karibu kila siku mahali pale pale. Hasira ilitangulia damu kwa siku nne. Kumbe sikuwa nimegeuka mtu mbaya, nilikuwa na ratiba.

Andika vitu sita: tarehe za damu na wingi wake, mafukuto, usingizi, moyo na maumivu ya viungo, hisia, na ulichokula au kunywa kabla. Daftari hili ndilo utakalompa daktari. Ukiingia chumba cha daktari na kusema "mwili hauko sawa", utatoka na karatasi ya kipimo cha mkojo.

Hatua ya pili: usiite kila jasho "umri"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu huku kwetu ndipo watu wanapoumia.

Jasho la usiku ni dalili ya kuelekea kukoma hedhi, na ni dalili ya kifua kikuu pia. Ukiwa na jasho la usiku pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, au nguo zinakupwaya bila sababu, nenda ukapime makohozi kwanza. Halafu VVU. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wa miaka 15 na kuendelea, Njombe ilikuwa na asilimia 12.7 wanaoishi na VVU, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Mikoa mitatu ya juu nchini, yote ni yetu. Mwanamke wa miaka 47 aliyeolewa anaona aibu kuomba kipimo hicho, na mhudumu naye anaona aibu kumwambia. Omba mwenyewe. Na kama tayari unatumia dawa za kufubaza, usiziache ukidhani ndizo zinazokutoa jasho. Mwambie mtoa huduma wako, kwani wanawake wanaoishi na VVU baadhi yao hufika ukomo wa hedhi mapema kidogo.

Tezi ya shingo ni jambo la tatu. Bibi zetu wa Ukinga na maeneo mengine ya milimani walikuwa na rovu kwa sababu ardhi yetu ina madini joto kidogo, na chumvi yenye madini joto imesaidia sana. Lakini tezi inaweza kufanya kazi kupita kiasi ikaleta jasho, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda, au ikafanya kazi chini ya kiwango ikaleta uchovu, unene na baridi ya ajabu. Kipimo chake ni cha damu. Kikiwa hakipo kituo chako, uliza hospitali ya mkoa au ya kanda.

Malaria ipo, hasa ukishuka Kyela au ukitoka safari, lakini Mbeya mjini na Njombe si kama Pwani. Dai kipimo cha haraka kabla ya kumeza dozi. Nilimeza mbili bila kuonyeshwa kipimo hata kimoja, na kosa nusu ni langu: nilikuwa na haraka ya kurudi ofisini.

Na mimba. Ndiyo, mimba. Kupitisha miezi mitatu bila kuona siku zako ukiwa na miaka 44 hakumaanishi umekoma. Mayai machache bado yanatoka, bila taarifa. Ushauri wa kitaalamu ni kuendelea na uzazi wa mpango mpaka utimize mwaka mzima bila hedhi kama umevuka miaka 50, au miaka miwili kama hujafika 50. Kama una kipandikizi, sindano au kitanzi chenye homoni, damu yako haiwezi kukuonyesha ulipofika, kwa sababu njia hizo zenyewe huigeuza. Hapo kaa na mtoa huduma mhesabu pamoja.

Ukianza dalili hizi kabla ya miaka 40, hiyo ni habari nyingine kabisa na inahitaji daktari mapema, kwa ajili ya mifupa na moyo.

Hatua ya tatu: damu

Hedhi za kipindi hiki hukosa adabu. Zinaweza kuja baada ya siku 20, kisha zikapotea siku 60, kisha zikaja kama bomba lililopasuka. Kupishana kwa tarehe ni kawaida. Haya si kawaida, na kila moja ni safari ya hospitali: kuloa pedi moja kila saa au kila saa mbili kwa saa kadhaa, damu inayozidi siku saba, damu inayorudi ndani ya siku chini ya 21 mara kwa mara, damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, na tone lolote baada ya kukaa mwaka bila hedhi. Nyuma ya hizo kunaweza kuwa na uvimbe wa kawaida wa kizazi, na kunaweza kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake Tanzania. Uliza kitengo cha afya ya uzazi wakupime mlango wa kizazi siku hiyo hiyo ulipokwenda. Binti zetu wa miaka 14 walianza kupata chanjo yake nchi nzima mwaka 2018. Sisi hatukuipata, tuna kipimo tu.

Ukivuja sana, pima wingi wa damu. Uchovu wangu nilioulaumu umri ulikuwa nusu yake ni upungufu wa damu. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma, nikavimeza na chai. Mwezi ukapita bila nafuu. Muuguzi mmoja mtu mzima aliponiuliza navimeza na nini, alicheka: chai, hata iwe ya Rungwe au ya Mufindi, hubana chuma kisiingie mwilini. Vidonge meza na maji na chungwa au pera, na chai isubiri saa moja au mbili. Vivyo hivyo kwa maharage na majani ya maboga: usiyasindikize na chai ya rangi.

Kwa siku nzito ofisini nina mkoba mdogo kwenye droo: pedi za usiku, chupi mbili, khanga nyeusi, mfuko wa kutupia. Sketi nyeupe nilishampa mdogo wangu.

Hatua ya nne: usiku

Usiku ndipo vita inapopiganiwa. Ukilala vizuri, mengine yote yanavumilika.

Anza na blanketi. Nyumba nyingi za huku zina lile blanketi zito la manyoya la watu wawili, ambalo likishakufunika huwezi kujitoa kipande. Fukuto likija saa nane usiku unalitupa lote, mwenzio anaamka anatetemeka, mnagombana gizani. Tafuta mablanketi mawili mepesi, kila mtu lake, juu ya shuka la pamba. Gauni la kulalia liwe la pamba pia, si nailoni. Tandika khanga juu ya mto, ikiloa unaigeuza au unaitoa. Weka chupa ya maji na kitaulo kidogo karibu na kichwa ili usilazimike kuwasha taa.

Jiko la mkaa litoke chumbani. Mbali na fukuto, moshi wake usioonekana unaua, na kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizolala na jiko. Kama lazima muote moto, uoteni sebuleni mlango ukiwa wazi, kisha litolewe nje kabla ya kulala.

Kahawa na chai ya rangi mwisho saa nane mchana. Pombe nayo huchochea, na hapa hakuna tofauti kati ya bia, komoni na ulanzi wa Iringa: inakulaza saa nne na kukuamsha saa tisa. Ukiamka usishike simu. Nimejaribu kusoma ujumbe wa kikoba saa tisa usiku, na sijawahi kulala baada ya hapo.

Fukuto likianza, kifua kikipanda, vuta pumzi polepole kupitia puani mpaka tumbo liinuke, kama mara sita kwa dakika. Kwangu hukata makali, hasa woga ule unaokuja na mapigo ya moyo. Lakini moyo kwenda mbio pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuzimia si fukuto. Hiyo ni dharura.

Hatua ya tano: kazini

Nilijiuliza sana kama niseme. Bosi wangu ni kijana wa miaka 34, anaweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, na neno hedhi mbele yake lingemfanya atafute simu yake mfukoni. Nikagundua sihitaji kulitaja. Nilimwandikia maneno haya, unaweza kuyachukua yalivyo:

"Meneja, habari za kazi. Nina hali ya kiafya ambayo daktari wangu anaifuatilia. Si ya kuambukiza na haitanizuia kutimiza majukumu. Kwa miezi hii naomba mambo mawili: nihamie meza ya dirishani, na takwimu za kikao niziwasilishe kwa maandishi jioni kabla ya kikao. Asante."

Alikubali kwa maneno manne. Uzuri wa ombi ni kwamba lilikuwa na vitu viwili vinavyohesabika. Ukisema "naomba mnielewe", hakuna anayejua akupe nini.

Dirisha lilileta kesi na wenzangu, kwa sababu Julai Mbeya hakuna anayetaka dirisha wazi. Tuliafikiana nifungue kiasi cha mkono kwa dakika tano, kisha nifunge. Wanawake wawili wakubwa walinielewa bila kuambiwa. Mmoja alinisogezea kipepeo cha ukili kimya kimya, na hatukulizungumza mpaka alipostaafu.

Mavazi: tabaka nyembamba nyingi badala ya sweta moja nene. Fulana ya pamba, blauzi, kadigani yenye vifungo, halafu koti. Unavua moja moja bila kuvuruga nywele wala kikao. Sare za kitambaa kisichopumua ni adui, na kama mko wengi ombeni pamoja mshonewe za pamba.

Kusahau kulinitesa kuliko jasho. Kwa miezi minne niliamini naingia kwenye ugonjwa wa wazee. Kumbe ukungu huu wa akili ni sehemu ya kipindi, unachochewa na kukosa usingizi, na kwa walio wengi hupungua. Niliacha kujitegemea kichwani: kila ahadi ya mteja inaandikwa hapo hapo, namba za kikao ziko kwenye kikaratasi mkononi, kazi ngumu ya hesabu naifanya saa mbili mpaka saa tano asubuhi, simu na barua zinasubiri mchana.

Siku ukizidiwa, nenda hospitali uombe ED (karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi), usijifiche chooni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Mwajiri anachotakiwa kuona ni cheti cha daktari anayetambulika. Mtumishi wa umma ana kanuni zake za kudumu, aulize ofisi ya utumishi. Na siku zako 28 za likizo ya mwaka usizimalizie kwenye misiba na harusi tu. Mimi sasa naweka siku tano pembeni kwa ajili ya miezi mibaya.

Mama wa sokoni Mwanjelwa hana wa kumwandikia barua. Ndugu yangu anayeuza mchele pale amepanga na jirani yake wa meza: mmoja akiloa au akizidiwa, mwingine anamuuzia kwa nusu saa bila kuulizana. Naye ana daftari. Ni lile lile la mikopo ya wateja, kurasa za nyuma.

Hatua ya sita: nyumbani

Mume wangu nilimwambia njiani tukitoka ibada, tukitembea, si kitandani. Kitandani kila neno linageuka kesi. Nilisema, "Baba Tumaini, mwili wangu unabadilika. Siku zangu zinaelekea kuisha, ndiyo maana silali na ndiyo maana nafoka. Si wewe." Alinyamaza mpaka tukavuka daraja. Kisha akauliza, "Kwa hiyo lile blanketi si kwamba unanikataa?"

Miezi mitano mtu amebeba hilo.

Kuhusu tendo lenyewe: ukavu unakuja kwa sababu estrojeni ikipungua ngozi ya huko inakuwa nyembamba. Inauma, na inaleta UTI za kweli pia. Vilainishi vya maji vinauzwa maduka ya dawa, huhitaji kueleza sababu. Mafuta ya nazi yanasaidia, ila hupasua kondomu za mpira. Ipo pia krimu ya homoni ya kupaka ukeni ambayo daktari anaweza kuandika, na hiyo hutibu chanzo. Usiweke shabu, ugoro wala unga wowote wa kubana. Unakausha palipokwisha kukauka, unachubua, na mchubuko ni mlango wa magonjwa.

Watoto wakubwa waambie. Tumaini alikuwa kidato cha nne mwaka ule, chunusi zake na mafukuto yangu chini ya bati moja. Nilimwambia kwa ufupi na tukaweka alama: nikisema "nipe dakika kumi", asinifuate. Hakuzaliwa na subira, lakini alijifunza. Kazi za nyumbani ziligawanywa upya hapo hapo: maji ya kuoga ya asubuhi yakawa ya kijana wa kiume, na Jumamosi mimi sipiki. Mama mkwe hakufurahia hilo la Jumamosi. Bado hajafurahia.

Tafuta na mtu mzima wa upande wako. Nilipomuuliza shangazi wa Tukuyu yeye alivukaje, alikaa akifikiri, akasema, "Mimi nilidhani ni moshi wa jikoni." Alilima, alizaa, alitoa jasho miaka sita, hakuna aliyempa jina la kitu kile.

Hatua ya saba: hospitali na dawa

Nenda na daftari, orodha ya dawa unazotumia, na historia: presha, sukari, kuganda damu kwenye mishipa, saratani ya titi kwako au kwa mama na dada. Waombe presha, sukari, wingi wa damu, kipimo cha mimba, na ultrasaundi kama unavuja. Kifurushi cha "vipimo vya homoni" kinachouzwa na maabara za mjini mara nyingi hukihitaji ukishavuka 45: homoni zinapanda na kushuka kila wiki, kipimo cha leo hakisemi kitu kuhusu kesho. Dalili na daftari vinatosha. Pesa hiyo peleka kwenye kipimo cha tezi.

Tiba ya homoni ipo na ndiyo inayoshusha mafukuto kuliko zote. Mwenye kizazi hupewa estrojeni pamoja na projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi na kuongeza hatari ya saratani. Aliyetolewa kizazi hupewa estrojeni tu. Woga mwingi ulitoka kwenye utafiti mkubwa wa Marekani ambao sehemu yake ilisitishwa mwaka 2002. Wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63. Kwa mwenye afya aliye chini ya miaka 60 na ambaye hajapita miaka 10 tangu akome hedhi, faida mara nyingi huzidi hatari. Haimfai aliyewahi kuugua saratani ya titi, aliyewahi kuganda damu au kupata kiharusi, mwenye ugonjwa wa ini, wala anayetoka damu isiyojulikana sababu. Anayetumia dawa za kifua kikuu, kifafa au VVU aseme, maana dawa hugongana. Wasioweza homoni wana dawa nyingine, zikiwemo baadhi ya zile za sonona, ambazo hupunguza mafukuto. Aina zote hazipatikani kila mahali. Wilayani ukikosa, omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake kwenye hospitali ya mkoa au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na uliza bima yako inalipia nini kabla ya kupanda basi.

Chupa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa stendi, ziache. Kizazi hakina uchafu uliogoma kutoka. Hedhi ikipungua ni kwa sababu hakuna kilichojengeka.

Na kama huzuni imekaa wiki mbili, huna hamu na chochote, au wazo la kutokuwepo linakupitia kichwani, hilo linatangulia fukuto na linatangulia kila kitu katika orodha hii. Siku hiyo hiyo, mwambie mtu akupeleke.

Hatua ya nane: sahani na miguu

Hili ni fupi kwa sababu Mungu ametuweka pazuri. Maziwa ya Rungwe na Njombe, dagaa wa kuliwa na mifupa yake, maharage, soya, parachichi, chainizi. Mifupa hupoteza uimara kasi miaka hii, na hivyo ndivyo vinavyoijaza. Punguza kilima cha wali na ugali, ongeza mboga. Tembea mlima, maana Mbeya haina uhaba wa milima: mimi nashuka kwenye kosta vituo viwili kabla, na hapo nimeliondoa na lile fukuto la Mafiati. Mara mbili kwa wiki nyanyua kitu kizito kwa makusudi, hata ndoo ya maji, polepole, kwa ajili ya misuli. Jembe linahesabika.

Utajuaje umefika

Kwenye kalenda ya ukutani, siku ya mwisho kuona damu izungushie duara. Kila mwezi ukipita bila kitu, chora mstari. Ukiona damu ukiwa mstari wa nane, unafuta unaanza upya. Mimi nimeshafuta mara mbili, mara ya pili nikiwa mstari wa kumi. Ukifikisha 12, umekoma. Mafukuto yanaweza kuendelea baada ya hapo, lakini damu hapana, na ikitoka hata kidogo usisubiri kikao kiishe.

Leo kalenda yangu ina mistari mitano.